Anayeonyesha Mpira Ndiye Anayeusimulia

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma, Mwananyamala, Dar es Salaam)



Nimeombwa nizungumze juu ya televisheni na michezo ya nchi za nje. Bila shaka wengi wenu mlitazamia nianze na mpira wa Uingereza, kwani hapa Mwananyamala, tangu Komakoma hadi Kwa Kopa, Jumamosi jioni vibanda umiza hujaa, na mtoto wa darasa la nne aweza kukutajia kikosi kizima cha Arsenal kabla hajaweza kukutajia mikoa ya nchi yake. Lakini kwa ruhusa yenu nitaanza na mchezo ambao nadhani wanaoupenda ukumbini humu hawafiki watano. Nitazungumzia futiboli ya Marekani, ule mchezo wa watu waliovaa kofia ngumu na mabega ya bandia, wanaoubeba mpira mikononi na bado wakauita mpira wa miguu.

Nina sababu ya kuuchagua. Mtu hawezi kukikagua barabara kitu anachokipenda. Shabiki wa Manchester United goli linapoingia huruka juu. Haulizi kamera imewekwa wapi, nani ameiweka, wala kwa faida ya nani. Lakini shabiki huyo huyo ukimwonyesha futiboli ya Marekani, ambayo haimpandishi wala haimshushi, ataanza kuiona mitambo iliyo nyuma ya picha. Atauliza mbona wanasimama kila mara, mbona mtangazaji anacheka, mbona saa ni nane usiku. Anayetaka kujifunza jinsi mtego unavyofanya kazi, heri autazame ule ambao haujamnasa.

Hoja yangu ni moja tu, nami naomba niiseme mapema ili atakayechoka njiani asiondoke mikono mitupu. Mchezo unaporushwa ng'ambo kwa televisheni, kinachosafiri si mpira peke yake. Husafiri pia saa za nchi ulikotoka, biashara ya nchi hiyo, na masimulizi ya nchi hiyo juu yake yenyewe. Wahenga wamesema, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Kwa hiyo taifa linalotazama lisilosimulia, hatimaye hujiona lenyewe kwa macho ya wengine.

Ndugu zangu, hebu kwanza tuutazame mchezo wenyewe. Timu mbili zenye wachezaji kumi na mmoja kila moja huwania kuupeleka mpira wenye umbo kama la yai hadi mwisho wa uwanja wa mpinzani. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi kumi. Ikifaulu hupewa nafasi nyingine nne, ikishindwa huutoa mpira kwa wenzao. Kila jaribio huchukua sekunde chache, kisha mtu huangushwa, filimbi hulia, na wote husimama kupanga mbinu nyingine. Saa ya mchezo ni dakika 60, lakini mchezo mmoja kwenye televisheni huchukua zaidi ya saa tatu. Mwaka 2010 gazeti la Wall Street Journal la huko huko Marekani lilikaa na saa mkononi kupima, likakuta kwamba muda ambao mpira unachezwa hasa ni kama dakika 11. Zilizobaki ni wachezaji wakiwa wamesimama, picha za marudio, na matangazo ya biashara.

Mgeni akiyasikia hayo hucheka, akasema Wamarekani ni watu wa ajabu. Lakini hapana cha ajabu. Yale mapengo baina ya jaribio na jaribio ndiyo shamba lenyewe, na mpira ni ua lililolizunguka. Katika fainali yao ya mwaka 2025, iitwayo Super Bowl, iliyochezwa New Orleans, tangazo la sekunde 30 liliuzwa hadi kwa dola milioni 8 za Marekani. Yupo mtu maalumu pembezoni mwa uwanja ambaye kazi yake ni kuwajulisha waamuzi kwamba matangazo ya biashara yamekwisha na sasa mchezo waweza kuendelea. Refa ana filimbi, lakini na yeye anasubiri ruhusa.

Kisa kimoja chatosha kuthibitisha. Tarehe 15 Januari 1967, katika mji wa Los Angeles, ilichezwa fainali ya kwanza ya aina hiyo, baina ya Green Bay Packers na Kansas City Chiefs. Ilionyeshwa na mashirika mawili kwa wakati mmoja, CBS na NBC. Kipindi cha pili kikaanza, mpira ukapigwa, watu wakakimbia. Kumbe NBC walikuwa bado katika matangazo ya biashara! Waamuzi wakasimamisha mchezo, wakaamuru mpira upigwe upya. Tazameni jambo hilo vizuri. Maelfu ya watu waliokuwamo uwanjani waliuona mpira ukipigwa kwa macho yao, lakini teke lile likahesabiwa kuwa halikupigwa, kwa kuwa televisheni haikuliona. Tangu siku ile ilikuwa dhahiri nani mwenye uwanja.

Sasa, picha hiyo inapovuka bahari mambo huwaje? Hapa ndipo penye somo letu. Lile pengo la matangazo ya biashara haliwezi kufutwa, maana mchezo umesimama kweli. Ila tangazo la bia au la gari la Marekani halina mnunuzi ng'ambo. Kwa hiyo pengo lile lile, katika dakika ile ile, hujazwa na wasemaji mbalimbali. Mtazamaji aliye Chicago huonyeshwa bia na magari. Askari wa Marekani aliye katika kambi ya ng'ambo hutazama kwa njia ya idhaa ya majeshi yao, ambayo hairuhusiwi kutangaza biashara. Yeye hupewa mawaidha ya kijeshi, kuhusu usalama, nidhamu na huduma za familia. Na mtazamaji mgeni, aliye Ulaya au Afrika, hupewa wachambuzi wa studio wakimweleza kanuni, au picha za uwanja zikizungushwa mpaka mchezo urejee, au matangazo ya yule aliyezinunua haki katika nchi yake. Pengo ni moja na wasemaji ni watatu. Mpira haukubadilika hata kidogo, lakini kila mmoja amerudi nyumbani na jambo lake.

Na wala wasidhani watu kwamba mchezo huu ulienea ng'ambo kwa bahati. Mwezi Novemba 1982 ilianzishwa nchini Uingereza stesheni mpya ya Channel 4. Stesheni hiyo ilianza kuonyesha futiboli ya Marekani Jumapili, si mchezo mzima, bali vipande vilivyochaguliwa na kuunganishwa, na kanuni zikaelezwa kwa watu ambao hawakuwahi kuziona. Mapengo yakakatwa. Mwingereza akaletewa mchezo ambao Mmarekani mwenyewe hajapata kuuona, yaani mchezo usiosimama! Haikuchukua muda. Mwezi Agosti 1986 timu za Chicago Bears na Dallas Cowboys zilicheza mechi ya kirafiki katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu zaidi ya 80,000. Mwaka 2007 ukachezwa hapo mchezo wa ligi kuu yenyewe. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Munich, na mwaka 2024 zamu ya São Paulo nchini Brazil. Televisheni ilitangulia kama mpima viwanja, na mchezo ukafuata kama mjenzi.

Kwetu sisi mambo hayakwenda hivyo, na moja ya sababu imo katika saa ya ukutani. Super Bowl huanza saa nane na nusu usiku kwa saa zetu, kuamkia Jumatatu. Mwalimu mwenye kipindi cha kwanza asubuhi hawezi kuukesha mchezo huo, wala karani anayepanda daladala alfajiri. Michezo ya Uingereza, kwa upande wake, hutufikia saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, wakati mtu ametoka kazini au shambani, amekwisha oga, anatafuta pa kukaa. Tumezoea kusema kwamba tunaupenda mpira wa Uingereza kwa sababu ni mzuri, nao ni mzuri kweli. Lakini tukumbuke pia kwamba Waingereza waliutawala ukanda huu na kuacha hapa mpira wao na lugha yao, na kwamba nchi yao haiko mbali sana nasi kwa majira ya saa. Upendo wetu una historia yake na jiografia yake.

Ndugu Mwenyekiti, naomba niguse jambo la hesabu, kwa kuwa mbele yangu wamo walimu. Kwa miaka mingi imekuwa ikisemwa kwamba Super Bowl hutazamwa na watu bilioni moja duniani. Hesabu hiyo huwahesabu wote ambao matangazo yaweza kuwafikia, nao wengi wao wamelala. Wanaotazama hasa ni Wamarekani wenyewe. Fainali ya mwaka 2025 ilihesabiwa kuwa na watazamaji wapatao milioni 127 nchini mwao. Idadi hiyo ni kubwa ya kutosha, haihitaji nyongeza. Kwa nini basi iongezwe? Kwa sababu mtu aliye Mwananyamala akiambiwa kwamba dunia nzima inatazama, na yeye peke yake ndiye hatazami, hujiona amebaki nyuma ya dunia. Nasi tukiwa watu wa kalamu na chaki tuna wajibu wa kumfundisha mtoto kwamba kuna tofauti baina ya mlango uliofunguliwa na mtu aliyeingia.

Tukitoka katika hesabu tuje katika watu. Katika mchezo huo wapo wenzetu, lakini ni nadra kusimuliwa habari zao kama tungezisimulia sisi. Mathias Kiwanuka aliichezea New York Giants tangu mwaka 2006 hadi 2014. Kwa Wamarekani alikuwa mlinzi shupavu, basi. Kwa mtu wa Afrika Mashariki jina hilo linagonga kengele nyingine kabisa, kwani yeye ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, kisha Jaji Mkuu, ambaye aliuawa mwaka 1972 chini ya utawala wa Idi Amin. Angalikuwapo mtangazaji wa Kiswahili katika chumba cha matangazo, je, angelitaja jina hilo mara ishirini katika mchezo mmoja bila kuwaambia wasikilizaji wake ni mjukuu wa nani? Vivyo hivyo Daniel Adongo wa Kenya, aliyetoka katika raga akajiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Kwao ilikuwa habari ya ajabu ya mtu aliyetoka mbali. Kwetu ilikuwa habari ya kijana wa jirani.

Mfano wa tatu ni mzito zaidi. Mwaka 2002 daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, aliyekuwa akifanya kazi ya kuchunguza maiti mjini Pittsburgh, aliupasua ubongo wa mchezaji maarufu wa zamani, Mike Webster. Akaona madhara ya kugongwa kichwa mara nyingi kwa miaka mingi. Alipochapisha utafiti wake mwaka 2005, madaktari wa ligi walimpinga na kutaka maandishi yake yaondolewe. Ilifika mwaka 2016 ndipo kiongozi mmoja wa ligi alipokiri mbele ya wabunge wa Marekani kwamba upo uhusiano baina ya mchezo huo na ugonjwa huo wa ubongo. Kumbukeni kwamba katika miaka yote hiyo televisheni ilikuwa ikirudia picha za watu wakigongana vichwa, mara mbili, mara tatu, polepole, kwa muziki, kama pambo la mchezo. Kamera zilikuwa nyingi na zilifika kila pembe ya uwanja. Lakini jambo kubwa kuliko yote lilionekana na mtu mmoja, Mwafrika, chini ya darubini, asiye na kamera hata moja.

Nimesema hayo si kwa ajili ya kuwasimanga Wamarekani. Mwanafunzi mwema hujifunza hata kwa asiyempenda, na lipo jambo moja ambalo hatuna budi kujifunza kwao.

Mwaka 1961 viongozi wa ligi hiyo, iitwayo NFL kwa kifupi, chini ya Pete Rozelle, waliona hatari. Timu za miji mikubwa kama New York zingeweza kuuza matangazo yake kwa fedha nyingi, na timu za miji midogo zingekufa. Wakaafikiana waziuze haki za televisheni kwa pamoja, na kila timu ipate sehemu iliyo sawa na ya mwenzake. Bunge lao likapitisha sheria mwaka ule ule kuruhusu mpango huo. Matokeo yake ni haya: mji wa Green Bay, wenye watu wapatao laki moja tu, una timu yenye nguvu sawa na timu za majiji ya mamilioni. Na timu hiyo ya Green Bay si mali ya tajiri mmoja. Tangu mwaka 1923 ni mali ya wananchi walionunua hisa, ambao leo wamezidi laki tano, nao hawagawiwi faida hata senti. Kwa kuwa ni mali ya umma hutangaza hesabu zake, na hesabu za mwaka ulioishia Machi 2024 zilionyesha kwamba ilipata zaidi ya dola milioni 400 kutoka katika mfuko wa pamoja, kiasi kile kile kilichokwenda kwa kila timu.

Hebu fikirini! Katika nchi inayojitangaza kuwa ngome ya ubepari, mabepari wenyewe walipotaka mchezo wao usife, walikaa wakagawana sawa. Sisemi kwamba huo ndio ujamaa, maana mgawanyo wenyewe ni baina ya wenye timu, na mchezaji aliyevunjika hulazimika kudai haki yake mahakamani. Nasema tu kwamba walitambua jambo ambalo bibi zetu wanalijua: ngoma haichezwi na mtu mmoja, na ukimwua mwenzako kwa njaa leo, kesho utacheza na nani?

Sasa turudi nyumbani.

Sisi Tanzania tulianza kuutazama mpira kwa masikio. Radio Tanzania Dar es Salaam iliwafikisha wananchi viwanjani bila picha. Taifa Stars ilipokwenda Nigeria mwaka 1980 kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika, nchi nzima ilikwenda nayo kwa redio ya mbao. Watangazaji wa aina ya marehemu Charles Hilary walitufanya tulione goli ambalo hatukuliona. Nao walifanya kazi kubwa ambayo haijapimwa bado: waliupa mpira Kiswahili. Mlinda mlango, kuotea, mpira wa adhabu, dimba, mtanange, kuchana nyavu. Na uwanjani vijana wakaongeza chenga, kanzu na tobo. Mchezo uliotoka Uingereza ukavuliwa koti, ukavishwa kanzu, ukakaa kibarazani pamoja nasi. Ndiyo maana leo twasema ni mpira wetu. Futiboli ya Marekani haijapata mtu wa kuifanyia hivyo, na hata jina lake nililitamka mwanzoni kwa kusitasita.

Televisheni ilikuja kwa njia mbili. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi nyingi za Afrika. Bara, serikali iliona kwamba chombo hicho ni ghali na kitawahudumia wachache wa mijini, nasi tukakaa bila televisheni hadi mwaka 1994. Wapo wasemao hadi leo kwamba uamuzi ule ulikuwa kosa, na wapo wanaoutamani urudi. Mimi nasema kwamba ulikuwa na hoja ya haki ndani yake, lakini ukuta peke yake hautoshi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 kanda za video zilikuwa zimekwisha ingia majumbani na katika mabanda. Milango ilipofunguliwa tulikuta wageni wamekwisha keti. Tukawa watazamaji wazuri kabla hatujawa waonyeshaji.

Mabadiliko yamekuja baadaye, na tuyaseme kwa haki. Tangu msimu wa 2013/2014 Azam TV ilianza kuonyesha ligi yetu ya Bara, na mwaka 2021 ulitiwa saini mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kwa mara ya kwanza kijana wa Mwananyamala aliweza kuiona klabu ya Mbeya, ya Bukoba au ya Ruangwa ikicheza nyumbani kwake, kwa Kiswahili. Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, na Simba ilipofika fainali hiyo hiyo mwaka 2025, watu wa nje ya mipaka yetu walitutazama. Mwezi Agosti 2025 tulishirikiana na Kenya na Uganda kuandaa michuano ya CHAN, ikafunguliwa katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Na mwaka 2023 nchi zetu hizo tatu zilikabidhiwa jukumu la kuandaa Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027.

Mnaona, ndugu zangu, meza imegeuka. Sasa kuna watazamaji wa mbali ambao kwao sisi ndio ng'ambo. Mtu aliye Lubumbashi, Cairo au Muscat atatuona kupitia kamera, na mapengo ya mchezo yatajazwa na mtu fulani. Swali ni nani. Je, atakuwa mtu ajuaye kwamba Temeke si jina tu la mahali penye uwanja, bali ni wilaya ya watu wenye historia yao? Au atakuwa mtu atakayetuonyesha twiga, mlima na wacheza ngoma, kisha akarudi kwenye mpira?

Napendekeza mambo manne, nami nayaelekeza kwenu kwa kuwa kila moja laweza kuanzia mezani au darasani.

Kwanza, mapato ya televisheni yagawiwe kwa namna ambayo klabu ndogo za mikoani zitaishi. Nawaomba wale wenye kazi za mipango na fedha wausome mfano wa Green Bay. Simba na Yanga zina haki ya kuwa kubwa, ila ukubwa wao hauna maana wakibaki wawili uwanjani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini; lakini na anayemnyima nduguye hubaki bila wa kucheza naye.

Pili, tuzitunze kumbukumbu zetu. Ile fainali ya mwaka 1967 niliyoitaja, mashirika yote mawili ya Marekani, pamoja na utajiri wao, hayakuitunza kanda yake nzima. Ilibidi baadaye vipande viokotwe na kuunganishwa. Matangazo yetu ya redio na televisheni ni maktaba ya lugha na ya taifa. Ofisa wa kumbukumbu anayezifuta vumbi kanda hizo anafanya kazi sawa na ya mchezaji.

Tatu, tuyaangalie mapengo yetu wenyewe. Mchezo wa Kitanzania ukisimama leo, aghalabu sauti inayoingia ni ya michezo ya kubahatisha, ikimwahidi kijana asiye na kazi utajiri wa usiku mmoja. Tumewacheka Wamarekani kwa bia zao. Je, pengo letu tumempa nani? Dakika hizo chache zingeweza pia kumweleza kijana historia ya klabu anayoitazama, au habari za chanjo, au tarehe ya usajili wa shule.

Nne, na hili ni la walimu. Si lazima kumpiga marufuku mwanafunzi asiende kibandani. Atakwenda. Mfundisheni kwenda na maswali matatu: Nani amelipa ili nione picha hii? Nani anasema wakati mchezo umesimama? Na nani hakuonyeshwa? Mtoto akijifunza kuyauliza hayo juu ya mpira, atayauliza pia juu ya vita, juu ya uchaguzi, juu ya njaa, na juu ya habari yoyote iletwayo na picha nzuri kutoka mbali. Atauliza hata juu ya gazeti langu, nami nitafurahi akiuliza.

Ndugu Mwenyekiti, sichukii futiboli ya Marekani. Atakayeweza kukesha hadi saa nane na nusu usiku na aitazame kwa raha zake. Aina moja ya mchezo huo, isiyo na kugongana, itachezwa katika Olimpiki za Los Angeles mwaka 2028, na yamkini siku moja vijana wetu wakaucheza viwanja vya Kinondoni. Wakati huo naomba awepo mtangazaji wetu, mwenye Kiswahili chake, mwenye kujua ni mjukuu wa nani anayekimbia na mpira.